Kasha la Nahodha: Uhakiki wa Maandishi ya Ubaharia

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wengi huitumia methali hii wanapofundisha habari za biashara, nayo huishia hapo. Katika makala haya tunakusudia kuipeleka mbali zaidi, hadi baharini. Tutayahakiki maandishi ambayo kwa kawaida hayaitwi fasihi, wala hayaitwi historia, nayo ni makaratasi ambayo manahodha wa Bahari ya Hindi waliyaandika, wakayanakili na kuyahifadhi katika makasha yao. Maswali yetu ni mawili. Je, makaratasi hayo yana thamani gani katika utamaduni wa taifa? Na msomaji wa leo ayasome kwa jicho gani?

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, maana maneno ni makasha ya kwanza. Neno nahodha limetoka katika Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Rubani, ambaye leo tunamjua kuwa ni mwendeshaji wa ndege, alikuwa mwongozaji wa chombo majini kabla ya kupaa angani. Na neno mwalimu, katika lugha ya mabaharia wa bahari hii, lilikuwa jina la mtu aliyejua njia kwa kuzipima nyota. Mwandishi wa Kireno João de Barros, alipoisimulia safari ya Vasco da Gama, alimtaja mwongozaji aliyepatikana Malindi mwaka 1498 kwa jina la Malemo Cana. Hiyo “Malemo” si neno jingine ila ni mwalimu. Kwa hiyo mwalimu atakayeyasoma makala haya darasani asidhani kwamba mambo ya bahari hayamhusu, kwani cheo chake kiliwahi kutumika chomboni.

Vivyo hivyo tuyaangalie majina ya pande za dunia. Jaa ni kaskazini, nayo ni nyota isiyohama mahali pake. Suheli ni kusini, nayo ni nyota ing’aayo sana upande huo. Matlai ni mashariki, mahali pa kuchomoza. Mtoto wa pwani anayeyatamka maneno haya huwa ameshika mkononi kipande cha elimu ya manahodha, hata kama hajui.

Sasa tuje kwenye kasha. Miaka kadhaa iliyopita tulibahatika kuonyeshwa kasha la nahodha mmoja mzee wa mwambao wetu. Hatutamtaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuomba kutajwa, na wakati huo alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjukuu wake alilifungua mbele yetu kwa wasiwasi. Ndani mlikuwa na daftari la nauli na shehena, stakabadhi za bandari mbalimbali, pasi za kusafiria, barua zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, karatasi ya kuhesabia siku za mwaka kwa miongo, na kitabu kidogo kilichonakiliwa kwa mkono ambacho mzee alikuwa akikiita rahmani. Mjukuu alituambia kwamba nyumbani walikuwa wakibishana. Wengine walisema makaratasi yale yana aya, yasiguswe. Wengine walisema hayana kazi, yachomwe ili kasha liuzwe, maana mbao zake zilikuwa nzuri. Katika nyumba ile yote hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya bandari, tuliamriwa kusafisha stoo. Tulibeba mafurushi ya hati za vyombo vya tanga, zilizoliwa na mchwa pembeni lakini zenye kusomeka katikati, tukayatia moto nyuma ya jengo. Kazi ile ilichukua siku mbili. Tulisifiwa kwa bidii. Siku ile hatukujua tulichokichoma. Tulikijua tulipokiona kile kilichokuwamo katika kasha la mzee. Kwa hiyo makala haya si ya mtu anayewalaumu wengine. Ni ya mtu anayejaribu kulipa deni.

Rahmani ni nini? Neno lenyewe ni la Kiajemi, rahnama, yaani kionyesha njia. Ni kitabu cha nahodha cha kuelezea safari: kutoka bandari fulani shika upande wa nyota fulani, nenda zamu kadhaa, utauona mlima au kisiwa, jihadhari na mwamba, kisha pinda. Zamu moja ilihesabiwa kuwa mwendo wa saa tatu. Urefu wa nyota kutoka ukingo wa bahari ulipimwa kwa vidole, na chombo cha kupimia kilikuwa kipande cha ubao chenye uzi uliopigwa mafundo. Nahodha anayeshuka kuja kwetu huiona nyota ya jaa ikizidi kuinama kila usiku, na anapoikaribia ikweta haimfai tena. Hapo hutegemea nyota nyingine, zikiwamo zile za Dubu Mkubwa. Elimu hii haikuwa ya kubahatisha, wala haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya vizazi, na kila aliyenakili rahmani aliongeza alichokiona kwa macho yake.

Mkubwa wa waandishi wa elimu hii ni Ahmad ibn Majid, aliyekuwa mwalimu wa bahari katika karne ya 15. Kitabu chake kikuu cha nathari, kiitwacho Kitab al-Fawa’id, alikiandika karibu na mwaka 1490. Jambo linalotuvutia sisi wahakiki ni kwamba katika kitabu hicho ibn Majid mwenyewe anafanya uhakiki. Anawataja mabingwa watatu waliomtangulia, anawapa heshima yao, kisha anawatia kasoro kubwa: kwamba walikuwa watungaji waliokusanya habari, wala hawakuwa watu wa kuijaribu bahari. Walichukua maneno ya wengine bila kuyapima. Hiki ni kipimo kizuri cha uhakiki, nasi tungependa wanafunzi wakikumbuke. Mwandishi ahukumiwe kwa kuuliza: je, alikipima anachokisema, au amekisikia tu? Ni kweli pia kwamba ibn Majid anajisifu kupita kiasi, akajiweka kuwa wa nne baada ya wale watatu. Lakini majivuno yake yana faida kwa msomaji, kwa kuwa anapojisifu hutaja mahali alipofika na kitu alichokipima, nasi tunaweza kumkagua.

Mwalimu huyo hakuandika nathari peke yake. Alitunga pia mashairi mengi ya bahari, na mojawapo ni lile liitwalo al-Sufaliyya, linaloeleza njia za mwambao wa Afrika Mashariki mpaka Sofala, nchi ambayo leo ni Msumbiji. Shairi hilo lina mamia ya beti. Kwa muda mrefu lilikaa katika maktaba ya Leningrad, mji ambao sasa unaitwa tena St Petersburg, hata mtaalamu T. A. Shumovsky alipolichapisha mwaka 1957 pamoja na mashairi mengine mawili ya mtungaji huyo huyo. Maandishi yake mengine yalihifadhiwa Paris, yakatolewa na Gabriel Ferrand katika miaka ya 1920. G. R. Tibbetts naye alifasiri Kitab al-Fawa’id kwa Kiingereza mwaka 1971. Hivyo basi, mtu wa Kilwa au Mafia anayetaka kusoma jinsi bandari yake ilivyoelezwa zaidi ya miaka 500 iliyopita, analazimika kuazima kioo kilichotunzwa mbali sana na nyumbani kwake.

Sisi tulio watungaji hatuwezi kulipita shairi hilo bila kuuliza: kwa nini mtu atunge beti juu ya miamba, nyota na zamu? Wanafunzi wetu hufundishwa mara nyingi kwamba ushairi ni sauti ya moyo, na nathari ni ya mambo ya kazi. Ibn Majid anatuonyesha njia nyingine. Alitumia bahari ya rajaz, ambayo mapigo yake ni mepesi na hukaa kichwani. Karatasi hulowa, huliwa na mende, hupeperushwa na upepo. Lakini beti lililokaririwa halilowi. Chombo kikipigwa na tufani usiku, taa ikazimika, nahodha hawezi kufungua kitabu, ila anaweza kukumbuka beti. Watungaji wetu wa tenzi waliijua siri hii walipotunga habari ndefu za vita na za dini ili zikaririwe. Kama mashairi ya hisia, mengi ya beti hizi za bahari ni makavu, nasi hatutaficha hukumu hiyo. Orodha ya bandari ni orodha ya bandari. Lakini kama mashairi ya kazi yanastahili sifa, kwani vina na mizani ndani yake ni kamba inayofunga shehena isimwagike. Mwanafunzi anayedhani kwamba mizani ni pambo tu na ajiulize ni watu wangapi walifika nyumbani salama kwa sababu mizani haikukosewa.

Tukitoka kwa ibn Majid tukarudi kwenye kasha la nahodha wa kawaida, tunakuta maandishi ya namna nyingine, nayo ni kumbukumbu ya kila siku ya safari. Manahodha wa Kuwait waliiita ruznama, neno jingine la Kiajemi, yaani kitabu cha siku. Nahodha huandika tarehe, upepo, upande aliouelekea, mahali alipotia nanga, na pengine bei ya tende au ya boriti. Lugha yake ni fupi mno. Hakuna sifa, hakuna majonzi. Katika daftari la mzee wetu tulisoma siku moja imeandikwa kwa maneno yasiyozidi sita: tanga limepasuka, tumeshona, tumekwenda. Hakueleza hofu, hakueleza mawimbi. Mwanzoni tuliona ni upungufu. Baadaye tuliona kwamba mtu anayeandika akiwa bado yu hatarini haandiki ili asifiwe. Anaandika ili kesho ajue yuko wapi. Ufupi huo ni adabu ya kazi, na watungaji wa siku hizi, sisi tukiwamo, tungeweza kujifunza kwao kupunguza maneno.

Pamoja na hayo, mhakiki haitwi mhakiki kwa kusifu peke yake. Hatuna budi kuuliza kasha la nahodha linaficha nini. Katika hoja hii tunaomba walimu wawe waangalifu, kwa kuwa ni rahisi mno kulipenda kasha hata tukasahau kulihoji.

La kwanza, hati ndani ya kasha si ushahidi mtupu. Hati nyingine ilikuwa ngao. Mfano ulio wazi ni ule wa manahodha wa Sur, katika Oman, waliokuwa wakija mwambao wetu kila msimu wa kaskazi. Katika karne ya 19 baadhi yao walichukua bendera na hati za Ufaransa. Manowari za Uingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi na kuyakagua ili kuzuia biashara ya watumwa, lakini hazikuwa na uhuru wa kukagua chombo chenye bendera ya Kifaransa. Jambo hili lilizua ugomvi baina ya mataifa mawili makubwa, likapelekwa mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1905. Mahakama ilisema kwamba kabla ya Januari 2, 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Muscat bendera yake, ila baada ya siku hiyo haki ile iliwekewa mipaka. Basi karatasi moja yenye mhuri, iliyokunjwa ndani ya kasha, iliweza kuamua kama watu walio chini ya sitaha wataonekana au hawataonekana. Msomaji akikuta hati kama hiyo asiisome maneno yake tu, bali aulize pia ilimkinga nani, na ilimfunika nani.

La pili, kasha ni la nahodha, si la mabaharia wake. Daftari hutaja jina la mwenye chombo, mfanyabiashara na wakili wa bandarini. Baharia huonekana pale tu anapokopeshwa fedha au anapopewa fungu lake. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait miaka ya 1938 na 1939, likapita pwani yetu mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti. Katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, alieleza jinsi deni lilivyomfunga baharia kwa nahodha, na nahodha kwa mfanyabiashara. Mgeni huyo ana makosa yake, na hukumu zake juu ya watu wetu hazina haki kila mara. Lakini aliyaona mambo ambayo daftari la nahodha halikuwa na sababu ya kuyaandika. Tena liko kundi jingine lililo kimya zaidi. Watumwa waliovushwa kabla na hata baada ya mkataba wa Zanzibar wa mwaka 1873, wakiingia katika hesabu ya nahodha, waliingia kama idadi, si kama watu. Na wale waliokata boriti matopeni hawaonekani kabisa, ingawa nyumba nyingi za Ghuba ziliezekwa kwa jasho lao.

La tatu, viko vyombo ambavyo havikuacha kasha lolote. Mtepe, ule mtumbwi mkubwa wa tanga wa visiwa vya Lamu ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya misumari, ulitoweka kabla ya katikati ya karne ya 20. Waundaji wake waliitunza elimu yao mikononi, wakairithisha kwa mikono. Tukisema kwamba penye karatasi ndipo penye historia, tutakuwa tumewafukuza watu hao katika historia yao wenyewe. Kwa hiyo kasha lisomwe pamoja na masimulizi ya wazee, nyimbo za kuvutia tanga, na majina ya miamba ambayo wavuvi wanayatumia hata leo. Kitabu cha A. H. J. Prins juu ya ubaharia wa Lamu, kilichochapishwa mwaka 1965, kina manufaa kwa sababu mwandishi hakutazama karatasi peke yake, bali aliwasikiliza pia watu kazini.

Baada ya kuzitaja kasoro hizi, je, tunasema kasha halina thamani? La, hasha. Tunasema kwamba thamani yake huonekana likisomwa na mtu anayeuliza. Nchi nyingine zimekwisha kulijua hilo. Huko Kuwait, mtafiti Yacoub Yusuf al-Hijji alizikusanya habari za manahodha na kumbukumbu zao, akazichapisha. Oman ilikipeleka mbele ya UNESCO kitabu cha ubaharia cha Nasir bin Ali al-Khaduri, nacho kikaingizwa mwaka 2017 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Tanzania nayo imo katika orodha hiyo: nyaraka za utawala wa Wajerumani ziliingizwa mwaka 1997, na mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu ulioko Zanzibar ukaingizwa mwaka 2003. Ni jambo la fahari. Lakini tuangalie nyaraka zilizotangulia kupata heshima: ni za watawala waliotutawala. Nyaraka za watu waliofanya kazi baharini, na hasa zile za familia, bado zimo uvunguni mwa vitanda.

Wala tusidhani kwamba kila kitu kikiingia katika jengo la serikali huwa kimesalimika. Tarehe 25 Desemba, 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Zanzibar lililokuwa na makumbusho ya utamaduni wa pwani, iliporomoka. Tukio hilo linatufundisha kwamba nakala moja mahali pamoja ni hatari, mahali hapo pakiwa nyumba ya mzee au jumba la mfalme. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inaangalia hasa kumbukumbu za ofisi za umma. Kasha la nahodha ni mali ya familia, na si haki kulichukua kwa nguvu. Linalofaa ni kulinakili, kulipiga picha kurasa kwa kurasa, na kuliacha kwa wenyewe wakijua lina nini ndani yake.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu na mwanafunzi inapoanza. Hatuwaombi mambo makubwa. Mwanafunzi wa pwani aulize nyumbani kama kuna daftari la babu, stakabadhi ya bandari, au barua ya kutoka Lamu, Mikindani au Muscat. Asiichukue, aombe kuiona. Aandike inasema nini, nani alikuwa nayo, na nani hatajwi. Ikiwa imeandikwa kwa hati za Kiarabu, amtafute mzee au mwalimu wa madrasa anayezisoma, amsikilize akiisoma kwa sauti, kisha ainakili kwa hati za Kirumi. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Na mwanafunzi wa bara asijione hana sehemu katika kazi hii, kwani Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria zina manahodha wake, na manahodha hao wana madaftari yao.

Tumalize kwa kurudi kwa yule mjukuu. Siku ile tulikaa naye kutwa nzima pamoja na mzee mmoja wa msikitini aliyezisoma barua zile kwa miwani iliyofungwa uzi. Katika barua moja nahodha alimwandikia mkewe kwamba upepo umechelewa, kwamba asiuze mbuzi, na kwamba mtoto apelekwe chuoni. Mtoto huyo ndiye baba wa mjukuu. Kijana alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba barua isomwe tena. Kasha halikuuzwa. Yale mafurushi tuliyoyachoma nyuma ya ofisi hayawezi kurudi, wala hatujui yalikuwa na barua za akina nani. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ngamani, nasi tumerejea kwa ndugu zetu walimu na wanafunzi na ombi moja tu: kabla ya kuchoma karatasi yoyote ya zamani, mtafute kwanza mtu wa kuwasomea.